Saa za foleni mpakani na chupa ya mtoto: gharama isiyoandikwa kwenye karatasi za forodha

Sheria za kazi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinampa mama aliyeajiriwa muda wa kukaa na mtoto wake mchanga. Mama anayevusha vitunguu, mayai au vitenge kwa mtaji wake mwenyewe hazimgusi. Ndiyo maana kwa wafanyabiashara wengi wa mpakani swali la mtoto kukubali chupa au kikombe huja mapema, na majibu yake huamua kama siku ya soko itafanyika au itapita.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mama huyo anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya inatoa miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Uganda inatoa siku 60 za kazi.

Haki zote hizo zinadaiwa kwa mwajiri. Mfanyabiashara mdogo hana mwajiri. Akikaa nyumbani miezi mitatu, mtaji unaliwa, wateja wanahamia kwa mwingine na deni la chama linasubiri. Wengi hurudi njiani mtoto akiwa na wiki chache tu, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji.

Foleni hupimwa kwa maziwa pia

Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa, kwa wastani, mililita 25 hadi 35 za maziwa ya mama kwa kila saa anayokaa mbali naye. Mama anayeondoka alfajiri na kurudi baada ya saa 10 anahitaji kuacha mililita 250 hadi 350. Gari likikwama au mtandao wa forodha ukikatika kwa saa mbili, zinahitajika mililita 50 hadi 70 zaidi, ambazo huenda hakuziacha. Aliyebaki na mtoto hapo hukimbilia uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe.

Tatizo halimwachi mama pia. Asipokamua kila baada ya saa tatu hivi, matiti hujaa na kuuma, huweza kupata uvimbe na homa, na maziwa huanza kupungua. Bila mahali pa faragha penye maji na sabuni, kukamua mpakani kunabaki kuwa jambo la chooni au nyuma ya lori.

Kwa hiyo vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kama Busia na Namanga vilivyozinduliwa 2018, vina maana kwa mama kuliko takwimu za malori zinavyoonyesha. Kukaguliwa mara moja badala ya mbili ni muda unaorudi kwa mtoto. Vivyo hivyo utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Anayekijua cheti hicho hana sababu ya kuzunguka kwenye njia za panya, ambako hakuna anayeweza kukadiria saa ya kurudi.

Maandalizi huanza kabla ya safari

Kosa linalogharimu zaidi ni kumpa mtoto chupa kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari. Mtoto aliyezoea titi anaweza kuikataa siku nzima. Wataalamu wa unyonyeshaji hushauri kusubiri hadi kunyonya kuwe kumetulia, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne, kisha kuanza mazoezi wiki mbili hivi kabla ya kurudi kazini.

Anayempa awe mtu mwingine: bibi, baba au dada wa nyumbani. Mtoto akisikia harufu ya mama yake hudai titi, hivyo ni afadhali mama atoke chumbani. Wakati mzuri ni pale mtoto anapoanza tu kuonyesha njaa, kabla hajalia kwa hasira. Mtoto awekwe karibu wima, chuchu ya chupa iwe ya kutiririka polepole na iguse mdomo wake hadi aupanue mwenyewe. Akikataa, asilazimishwe, ajaribiwe tena baadaye.

Kwa nyumba zisizo na maji ya uhakika, kikombe kidogo kilicho wazi ni salama kuliko chupa, kwa sababu husafishika kwa urahisi. Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe akikiinamishiwa mdomoni taratibu, bila kumwagiwa. Anayetumia chupa lazima aioshe na kuichemsha pamoja na chuchu yake kila mara.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25. Kwenye miji ya mpakani yenye joto kali, muda huo hupungua. Ndani ya boksi la ubaridi lenye barafu hukaa hadi saa 24, na kwenye friji hadi siku nne. Hupashwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto. Yale ambayo mtoto ameanza kuyanywa yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe.

Cha kudai mpakani

Hata hivyo, bidii ya nyumbani ina kikomo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu, bidhaa na huduma kuvuka. Uhuru huo unapungua kwa mama anayelazimika kuchagua kati ya mzigo wake na mtoto wake.

Marekebisho yanayohitajika ni madogo kuliko kujenga barabara. Chumba kimoja chenye mlango, maji, kiti na friji katika kila kituo cha pamoja kingetosha kuanzia. Foleni ya kipaumbele kwa wanaonyonyesha haihitaji bajeti. Dawati la taarifa za biashara linaweza kubandika kwa Kiswahili muda wa kawaida wa kuvuka, ili mama ajue aache maziwa kiasi gani.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani hukutana na maofisa wa forodha na uhamiaji kujadili ushuru na mizigo iliyozuiwa. Chumba cha kunyonyeshea na foleni ya kipaumbele vinastahili kuingia kwenye ajenda hiyo hiyo, kwa kuwa walio wengi katika biashara ndogo ya mpakani ni wanawake, na siku wasipovuka soko huhisi.