SEHEMU YA 4: Kamera ndogo au simu? Maoni yangu baada ya miezi minane

Sehemu ya 3 niliwaeleza jinsi ya kusafisha kidonda cha kisukari. Wengi mkaniuliza ile kamera ndogo ninayotembea nayo mfukoni ni ya nini, wakati simu ninayo. Leo najibu.

Nianze na kisa. Siku za nyuma, kituo sikitaji, mtoto aliletwa ameungua uji. Mwenzetu akampiga picha kwa simu yake ili aombe ushauri kwa daktari. Nia njema kabisa. Picha ikaingia grupu moja la WhatsApp, ikatoka, ikaingia la pili. Mchana huohuo ndugu wa yule mama waliokuwa Ruangwa walikuwa wameshaiona, sisi tuko Nachingwea. Mama akaja kaniangalia, akasema, "Nesi, mwanangu mmemuuza?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Ndipo nikanunua kamera. Ni Canon IXUS 285 HS, mtumba wa Kariakoo. Marekani wanaiita PowerShot ELPH 360 HS. Ilitoka mwaka 2016, na 2025 Canon wakairudisha sokoni ikiwa na herufi A mwishoni, maana vijana wamezipenda tena hizi kamera. Ukienda kununua angalia: ya zamani inatumia kadi kubwa ya SD, mpya inatumia kadi ndogo ya microSD kama ya simu.

Sasa tuzipime sifa zake moja moja, kwa macho ya wodini.

Megapikseli 20. Muuzaji ataanzia hapo. Usibabaike. Kile kipande kinachopokea mwanga ndani yake ni kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Mchana karibu na dirisha, picha safi sana. Usiku kwenye taa hafifu inatoa chengachenga, na hapo simu nzuri ya kisasa inaishinda. Nasema ukweli.

Zumu mara 12. Kwenye harusi na uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, Namungo wakicheza, utaifurahia. Kwenye kidonda haina kazi. Tena ukivuta mbali lenzi inapitisha mwanga kidogo, mkono ukitikisika picha inaharibika.

Kupiga karibu. Hii ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Inasogea mpaka sentimita moja kutoka kwenye kitu, ukiwa hujavuta zumu. Mimi sifiki huko. Naweka rula ya karatasi pembeni ya kidonda, narudi umbali uleule kila wiki, nazima flashi kwa sababu kidonda kibichi kinang'aa na kuonekana cheupe. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Unaona mwenyewe kama kinafunga au kinatudanganya. Maneno "kinaendelea vizuri" kwenye faili hayakuoneshi hilo.

Betri. Hapa ndipo inapoumiza. Hujazi kwa waya wa simu wala pawabenki. Lazima uitoe, uiweke kwenye chaja yake, uchomeke ukutani. Yangu ilikuja na pini mbili bapa, nikatafuta adapta. Picha unazopata hazifiki mia mbili kwa chaji moja. Kama zahanati yako inategemea sola ya kuwashia taa tu, fikiria mara mbili, au uwe na betri ya akiba.

Vumbi. Lenzi inatoka na kuingia, na kila inapoingia inabeba kilichoishikilia. Kiangazi chetu mnakijua, na ule msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ndiyo usiseme. Mimi naifunga kwenye mfuko wa plastiki, siiwashi juu ya bodaboda.

Wi-Fi. Ipo. Nimeiacha imezimwa tangu siku ya kwanza, na nakushauri hivyohivyo. Picha ya simu inaweza kujipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni wewe umelala. Picha ya kamera haiendi popote mpaka mtu aipeleke.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwa kazi yetu kamera hii inafaa, ila si kwa wingi wa mambo yake. Inafaa kwa sababu haina laini. Haina grupu. Haina jina la shemeji yangu karibu na kidole gumba.

Lakini jamani, tusijidanganye. Kadi ikidondoka stendi ni balaa lilelile. Na kufuta picha hakuiondoi kabisa mara moja, mtu mwenye programu anaweza kuirudisha. Ndiyo maana kadi yangu inalala kabatini kazini, chini ya kufuli, na nikimaliza naifomati ile ya kina, siyo ya juujuu.

Na kabla ya kamera yenyewe: ruhusa ya mganga mfawidhi, halafu ruhusa ya mgonjwa. Mweleze kwa lugha anayoielewa, asaini au aweke dole gumba. Sura isionekane. Badala ya jina, weka namba ya faili kwenye kikaratasi. Akikataa, amekataa, na huduma inabaki ileile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile nyeti. Siyo hiari yetu tena.

Na wewe unayesoma siyo mhudumu: ukiona nesi au daktari anainua simu juu ya mtoto wako, una haki ya kuuliza, "Hiyo picha inaenda wapi?" Uliza bila woga. Yule mama angetuuliza mapema, pengine tungesimama.

Sehemu ya 5 nitawaonesha jinsi ya kukagua miguu ya mzee mwenye kisukari nyumbani, kwa kioo tu. Usiku mwema.