Mnunuzi asiadhibiwe kwa kosa la mghushi





Oktoba 2014, kampuni ya FTDI ya Glasgow ilitoa draiva iliyosambazwa kupitia Windows. Ilipokuta chipu bandia ya USB, iliifanya namba yake ya utambulisho kuwa sifuri. Kompyuta haikuitambua tena, na bodi ya maikrokontrola ikashindwa kupokea programu. Baada ya malalamiko, draiva hiyo iliondolewa.

Aliyeumia si mghushi, bali fundi na mwanafunzi walionunua kwa nia njema, wakabaki wakibadili waya bure. Kampuni ina haki ya kukataza draiva yake isitumiwe na chipu bandia. Haina haki ya kuharibu mali ya mtu. Mghushi asakwe kiwandani kwake, mnunuzi aachwe.

Fundi Redio,
Morogoro.