MATEGE, JUA NA HESABU ZA MADAKTARI

Katika nchi yenye jua kama Kenya si rahisi mwanafunzi kusadiki kwamba watu waweza kupungukiwa na kitu ambacho mwili hukitengeneza kwa nguvu za jua lenyewe. Hata hivyo, mwaka 2020 wachunguzi, baadhi yao wakiwa wa kituo cha utafiti cha Kilifi, walikusanya matokeo ya uchunguzi 129 uliokwisha fanywa katika nchi 23 za Afrika, wakayajumlisha. Watu waliopimwa damu walikuwa 21,474. Shabaha ilikuwa kujua ni wangapi wenye upungufu wa vitamini D. Jibu lililopatikana si moja bali ni matatu: watu 18 katika kila 100, au watu 34, au watu 60.

Mwalimu afundishaye elimu ya afya hahitaji mwanzo mwingine wa somo. Na aandike hesabu hizo tatu ubaoni, kisha anyamaze. Darasa lenye watoto werevu halitakawia kuuliza ipi ndiyo ya kweli. Wengine watasema kwamba wachunguzi walikosea. Wengine, hasa wale wa nyuma, watasema kwamba hesabu kubwa imetungwa na wauza dawa. Lakini hakuna aliyekosea. Watu ni wale wale na vipimo ni vile vile. Kilichohamishwa ni mstari.

Jambo hili laeleweka upesi likilinganishwa na mtihani. Wanafunzi 40 wamefanya mtihani, na karatasi zimekwisha sahihishwa. Mwalimu mkuu akiamua kwamba alama za kupasi ni 30, wataanguka wachache. Akisema 50, wataanguka wengi zaidi. Akisema 75, huenda zaidi ya nusu ya darasa wakarudi nyumbani wakilia, na hali hakuna mtoto aliyepungukiwa na akili kati ya asubuhi na jioni. Vivyo hivyo vitamini D iliyomo katika damu hupimwa kwa nanomoli katika kila lita, na wachunguzi wale walihesabu kwanza watu waliokuwa chini ya 30, kisha waliokuwa chini ya 50, kisha waliokuwa chini ya 75.

Ni nani basi aliyeichora mistari hiyo? Chini ya 30 hatari huwa dhahiri: mifupa ya mtoto yaweza kulainika na kupinda, na mtu mzima aweza kuumwa na mifupa na kulegea misuli. Mstari wa 50 ulitokana na kamati ya wataalamu iliyofanya kazi kwa ajili ya Marekani na Kanada, ambayo mwaka 2010 ilisema kwamba kiasi hicho chatosha mifupa ya karibu watu wote. Maneno hayo, "karibu watu wote", yana uzito. Posho inayomtosha mlaji mkubwa kuliko wote kambini si kipimo cha njaa. Mtu wa kawaida aweza kula pungufu yake akashiba. Kamati ile ile ilikadiria kwamba nusu ya watu hutoshelezwa na 40 tu. Ama mstari wa 75, uliwekwa mwaka 2011 na chama cha madaktari wa homoni huko Marekani, na mwaka 2024 chama hicho hicho kikaacha kuutetea. Basi mtu asomaye gazetini kwamba Waafrika 60 katika kila 100 wana upungufu, hapana budi aulize ni kwa mstari upi.

Iko hila nyingine, ndogo lakini yenye gharama. Maabara nyingine hazitumii nanomoli katika lita, bali nanogramu katika mililita. Na nanogramu 1 katika mililita ni sawa na nanomoli 2.5 katika lita. Mzazi akipewa karatasi iliyoandikwa 28, aweza kushtuka akakimbilia dukani kununua chupa za vidonge kwa fedha za ada ya shule. Kama 28 hiyo ni ya nanogramu, basi ni sawa na nanomoli 70, na mtoto hana neno. Kama ni ya nanomoli, mtoto yu hatarini kweli na yafaa atibiwe. Wanafunzi na wapewe karatasi kumi za mfano, nyingine za kipimo hiki na nyingine za kile, wazipange kwa utaratibu wa hatari. Atakayezipanga bila kutazama kipimo ataumbuka mbele ya wenzake, wala hatasahau tena.

Baada ya hapo ndipo mwalimu awaulize wanafunzi hesabu ya bara zima yamfaa nini mtu mmoja. Wachunguzi wa mwaka 2020 waliona kwamba vipimo vilikuwa vya chini zaidi katika nchi za Afrika ya Kaskazini na Afrika Kusini kuliko katika nchi za katikati. Vya wakazi wa mijini vilikuwa chini ya vya watu wa mashambani, vya wanawake chini ya vya wanaume, na vya watoto wachanga chini ya vya mama zao. Mwaka uliofuata ikatolewa habari ya watoto wadogo 4,509 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Kati yao waliokuwa chini ya 30 hawakufika hata mmoja katika kila 100, na waliokuwa chini ya 50 walikuwa kiasi cha 8. Tofauti na zile hesabu za bara ni kubwa, wala hakuna aliyedanganya.

Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania nao huingia katika somo hili. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu washindao nje mchana kutwa, walipimwa; wastani wa Wamasai ulikuwa 119, na wa Wahadzabe 109. Wako waliodaka habari hiyo wakasema kwamba kila mwanadamu apaswa kufikia kiasi hicho. Mwanafunzi makini atagundua kasoro. Hesabu hiyo yaonyesha mwili waweza kutengeneza kiasi gani ukiwa juani. Haionyeshi kwamba karani wa ofisini mwenye 60 ni mgonjwa. Tena watu 60 ni wachache.

Kwa nini basi jambo hili lote lifundishwe, kama twaweza kubishana hata juu ya mstari? Ni kwa sababu ya matege. Daktari wa Kiingereza Francis Glisson aliandika kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1650, na miji ya Ulaya ilipojaa viwanda na moshi ukazidi kuenea. Watoto wa vichochoroni walikua na miguu iliyopinda na vifua vilivyobonyea. Wasichana waliopona walibaki na nyonga nyembamba, na siku ya kuzaa wengine walikufa. Chanzo hakikujulikana. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari aliyekuwa amefanya kazi Japani, alilinganisha habari kutoka nchi mbalimbali, nyingine zikiwa za barua za madaktari wa misheni. Aliona kwamba ugonjwa ulikuwa haba katika nchi zenye jua hata kama watu ni maskini na chakula chao ni duni, na mwingi katika miji yenye giza ya kwao. Hakuwa na maabara. Alikuwa na hesabu na macho ya kuzisoma. Wenzake hawakumjali sana.

Karibu miaka 30 baadaye wataalamu walikuwa wamegawanyika. Huko Berlin, mwaka 1919, Kurt Huldschinsky aliwaangazia watoto wenye matege taa yenye miali ya namna ya jua, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa ikikaza. Kisha akafanya jaribio lililo tamu kusimulia darasani: aliangazia mkono mmoja tu wa mtoto, na mkono wa pili ukapona pia. Basi ngozi ilikuwa imetengeneza kitu kilichosafiri katika damu. Huko Uingereza, Edward Mellanby alikuwa amewafungia mbwa ndani hata wakapata ugonjwa huo, akawaponya kwa mafuta ya samaki. Mmoja alisema jua, mwingine alisema chakula, na wote wawili walikuwa na haki. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba mafuta yale, hata baada ya kuharibiwa vitamini A yake, yaliendelea kuponya matege. Kitu kilichobaki kikapewa herufi iliyofuata, yaani D. Kazi yake ni kuusaidia utumbo kuyachukua madini ya kalsiamu yaliyomo katika chakula na kuyapeleka yajenge mifupa.

Mwalimu akiishia hapo, wanafunzi watatoka wakiamini kwamba kila mwenye matege amekosa vitamini D. Ndilo kosa ambalo somo hili limekusudiwa kulizuia. Katika mji wa Jos, Nigeria, penye jua tele, watoto wengi walikuwa na matege. Madaktari waliwagawanya watoto 123 katika makundi matatu: wengine wakapewa vitamini D, wengine kalsiamu, na wengine vyote viwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Baada ya wiki 24, waliopona au kukaribia kupona kati ya waliopewa vitamini D peke yake walikuwa 19 katika kila 100. Kati ya waliopewa kalsiamu peke yake walikuwa 61. Na waliopewa vyote viwili walikuwa 58. Watoto hao walikuwa wakila kalsiamu kidogo mno, kiasi cha miligramu 200 kwa siku, maana chakula chao kilikuwa cha nafaka na mizizi, na maziwa hayakuwapo. Jua haliwezi kujenga nyumba pasipo mawe.

Mwenye haraka atasema basi kwamba Afrika shida ni kalsiamu. Naye amekosea. Uchunguzi wa watoto wa mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi, uliotangazwa mwaka 2018, uliona kwamba matege yao yalisababishwa na upungufu wa vitamini D, tena yakaandamana na utapiamlo. Mtoto ashindaye chumbani hafaidiki na jua lililo nje ya mlango, na hata akiketi penye dirisha, kioo huizuia miali inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo yahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kile kile. Ugonjwa mmoja, basi, na chanzo cha Jos si cha Nairobi; fedha ambazo mama wa Jos angezitumia kununua vitamini zingekuwa zimepotea, na mama wa Nairobi angeweza kumnywesha mwanawe maziwa kila siku na bado miguu isinyoke.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kupelekwa mbele kidogo. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba watu wenye vitamini D haba hupatwa zaidi na maradhi ya moyo na saratani, na wengi wakadhani vidonge vitawakinga. Lakini mgonjwa hukaa ndani. Huenda basi ugonjwa ndio uliopunguza vitamini, si vitamini iliyoleta ugonjwa. Huko Marekani watu wazima 25,871 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vitamini D na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa zaidi ya miaka 5. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba saratani na maradhi ya moyo hayakupungua, na mwaka 2022 ikaonekana kwamba hata kuvunjika mifupa hakukupungua. Jaribio hilo halisemi lolote juu ya mtoto mwenye matege, kwa kuwa watu wale hawakuchaguliwa kwa upungufu. Mwanafunzi akiliona hilo pasipo kuambiwa, mwalimu amefaulu.

Neno moja la adabu. Katika shule nyingi yuko mtoto mwenye miguu iliyopinda, na mwalimu asiye na busara aweza kumsimamisha mbele ya wenzake awe mfano wa somo. Asifanye hivyo. Na amwite mzazi faraghani, amshauri ampeleke mtoto hospitali. Kama ni mdogo wake aliye nyumbani, asiyetimiza miaka 2, yawezekana hana ugonjwa wowote, maana miguu ya watoto wengi wa umri huo hupinda kidogo na kunyoka yenyewe. Kama ni mkubwa, atapigwa picha ya kifundo cha mkono na kupimwa damu. Mzazi ajitayarishe kujibu maswali: mtoto hula nini, na je, hupata maziwa, wimbi, au dagaa wanaoliwa na mifupa yao, hushinda wapi mchana, na maji ya kunywa huchotwa wapi. Swali hilo la mwisho huwashangaza wengi, lakini katika sehemu za Bonde la Ufa visima vingine vina floridi nyingi, nayo huyatia meno madoa ya kahawia, na ikizidi hupinda mifupa ya watoto ambao hawakukosa jua wala maziwa.