Simu Ikienda na Dirisha ya Mat, Laini Ndio Itakumaliza

Kama wewe ni wa mat za 46 kuenda Kawangware, hii sinema unaijua. Uko siti ya dirisha, jam imesimama, uko TikTok. Mkono unaingia, simu inaenda. Wasee kwa gari wanasema pole. Konda anakuuliza mbona hukufunga dirisha.

Wengi wetu hulilia simu. Lakini wakora wa siku hizi ni wajanja. Simu iko na loki, so wanachomoa laini, wanaiweka kwa simu ingine, na hapo wamekuwa wewe. Namba ya kufungua WhatsApp inakuja kwao kwa SMS. Ya benki pia. Beshte yangu wa Uthiru alinyakuliwa Ijumaa jioni. Kufikia saa tatu usiku, mathake alikuwa ashatuma 4,000 kwa namba hajui, juu "mtoto wake" alikuwa ameomba vizuri sana kwa WhatsApp.

Dawa ni pini ya laini. Si ya M-Pesa, si ya skrini. Ingia setingi za usalama, washa loki ya SIM. Pini ya kwanza huwa kwa ile kadi laini ilikuja nayo. Ibadilishe hapo hapo. Na usibahatishe: ukikosea mara tatu inaitisha PUK, na PUK ukikosea mara kumi, hiyo laini imededi. Ukimaliza, weka na ile pini ya namba sita ya WhatsApp, ile kila siku unasema utaweka kesho.

Kuna wale hata hawahitaji simu yako. Hao wanaswap laini. Wanachotaka ni jina, namba ya simu na ya kitambulisho, na hizo sisi hugawa tao bure. Ingia majengo mengi Moi Avenue, soja anakusukumia kitabu: jina, ID, simu, sahihi. Wasee kumi waliokutangulia wako wazi hapo kwa page, unaweza wapiga picha ukijifanya unatafuta biro. Tuko na Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kitabu bado kiko mlangoni. Mi siku hizi huuliza kama lazima niandike simu. Mara nyingi soja hata hajali.

Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini zimesajiliwa na ID yako. Ukipata usiyoijua, iripoti. Halafu piga *100*100#, hiyo inazuia laini yako kuswapiwa kwa ajenti. Itabidi mtu aende duka lao mwenyewe.

Na simu ikishaenda? Usikimbize mtu hadi Globe. Omba jirani kwa mat simu yake, pigia kampuni ya laini waifunge kwanza, halafu mathako, umwambie asitume kitu. OB itangoja.