Makumbusho Yasiyofika Bweranyange

Imekuwa desturi kwamba neno sanaa likitajwa, watu hugeuza nyuso kuelekea mjini. Maonyesho hufunguliwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, mgeni rasmi hukata utepe, hotuba hutolewa, nasi huambiwa kwamba taifa limeuona urithi wake. Sisi wenyeji wa Karagwe na Kyerwa twauliza: ni taifa lipi hilo lililouona? Kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam ni safari ndefu mno. Mkulima wa Murongo hawezi kuuza mikungu ya shamba zima apate nauli ya kwenda kutazama kazi ya babu zake ikiwa nyuma ya kioo.

Hatusemi haya kwa wivu wa wilaya dhidi ya jiji. Twasema kwa sababu historia yenyewe yatusuta. Mwaka 1861, Speke na Grant walipofika Karagwe, walipokewa na Mukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Mwaka 1876 akaja Stanley. Naye, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878, akaieleza nyumba ya duara iliyotunza hazina ya Mukama: mabata ya shaba ya njano yenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu za ng'ombe wasio na vichwa, na mikuki ya kila namna. Nyumba ile ilikuwa nini kama si makumbusho? Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, tena kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Basi Bweranyange ilitangulia kwa miaka zaidi ya 60.

Watatokea wa kutujibu kwamba hazina ile ilikuwa ya Mukama, haikuwa ya umma. Wamesema kweli: ililinda heshima ya kiti. Ndiyo maana utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, ilikuwa haki kutarajia kwamba mali ya kiti itakuwa mali ya watu. Lakini mali ya watu ni ile ambayo watu huiona na kuwaeleza watoto wao maana yake. Kitu kikiondoka kwa Mukama kikaingia katika kabati la mjini, kimebadili mlinzi tu; mwananchi amebaki mlangoni palepale.

Kosa la pili ni la majina. Picha ya mjini hutundikwa pamoja na jina la mchoraji. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na hiyo ni haki yake. Lakini mhunzi wa Karagwe, aliyeyeyusha chuma na kukifua hata kikapata pembe za ng'ombe wa kwetu, mara nyingi huandikiwa "kifaa cha jadi cha Wanyambo", kana kwamba kabila zima lilishika nyundo moja. Picha huitwa sanaa. Chuma huitwa mila. Ubaguzi huo tuliufundishwa na wakoloni, na sasa twaufundisha sisi wenyewe.

Mwaka 2024 maonyesho kuhusu historia za Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho yetu ya Taifa, yalifunguliwa katika jengo la Humboldt Forum, Berlin. Mjadala wa kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni umepamba moto, nasi twauunga mkono kwa moyo wote. Lakini anayedai haki Berlin hana budi kuitenda nyumbani. Kitu kilichorudi kikakoma Dar es Salaam kimefika nchini, bado hakijafika kwao.

Makumbusho ya Taifa yana vituo Arusha, Butiama na Songea, Kagera haimo. Mwaka 2019 hifadhi ya taifa ilipewa jina la Rumanyika-Karagwe, tukafurahi. Hata hivyo, mgeni ataona swala katika ardhi yenye jina la Mukama, asione hata kipande kimoja cha chuma kilichomfanya Mukama huyo ajulikane.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kwa imani kwamba Uhuru bila utamaduni ni mwili bila roho. Kwa imani hiyohiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kijengwe kituo cha makumbusho Bweranyange. Pili, hadi kitakapojengwa, maonyesho ya jijini yasafirishwe hadi Kayanga na Kyerwa, wanafunzi wayaone bila malipo. Tatu, wahunzi, wasusi na wapiga enanga walio hai waandikwe kwa majina yao, wawe walimu wa vijana wakiwa bado na pumzi. Mzee akizikwa na ujuzi wake, hakuna kabati litakaloufufua.