Kodi ya matumizi: mzazi, ipangie bajeti kabla ya kununua

Familia zinazohamia Marekani huizoea haraka kodi ya mauzo. Bei iliyobandikwa kwenye bidhaa si ya mwisho. Ukifika kwa keshia, kodi huongezwa. Inayowashtua wengi ni kodi ya matumizi, kwa sababu keshia haitaji kabisa.

Kanuni yake si ngumu. Kodi ya mauzo hukusanywa na muuzaji. Asipoitoza, mnunuzi mwenyewe hudaiwa kodi ya matumizi, kwa kiwango kile kile, katika jimbo anakokwenda kuitumia bidhaa hiyo. Ni deni moja. Anayebadilika ni mlipaji.

Chukua mfano wa jimbo la Washington na jirani yake, Oregon. Oregon haina kodi ya mauzo. Washington hutoza asilimia 6.5, kisha miji na wilaya huongeza kiwango chao. Mto Columbia ndio unaotenganisha Portland, iliyoko Oregon, na Vancouver, iliyoko Washington. Mama wa Vancouver akivuka daraja na kununua kitanda cha mtoto cha dola 200, huona ameokoa fedha. Kisheria, akikifikisha nyumbani anadaiwa dola 13 za jimbo, pamoja na nyongeza ya mji.

Dola 13 hazivurugi bajeti ya nyumba. Gari linaweza. Anayenunua gari lililotumika kwa mtu binafsi hatozwi kodi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Hudaiwa anapokwenda kulisajili kwa jina lake. Kwa gari lenye thamani ya dola 8,000, kiwango cha asilimia 6.5 pekee ni dola 520. Kwa familia yenye mtoto mchanga, hiyo ni fedha ya nepi na maziwa ya miezi kadhaa.

Ununuzi wa mtandaoni siku hizi una mitego michache. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu majimbo kuwalazimisha hata wauzaji wasio na duka ndani ya jimbo kukusanya kodi. Hata hivyo, wauzaji wadogo huweza kutoitoza, hivyo soma risiti.

Kuna nafuu pia. Kisichotozwa kodi ya mauzo kwa kawaida hakitozwi ya matumizi. Huko Washington, dawa alizoandika daktari na vyakula vingi vya kupika nyumbani vimesamehewa. Tena, hulipi mara mbili: aliyetozwa asilimia 6 katika jimbo la Idaho hulipa Washington tofauti tu.

Kwa hiyo, mzazi, fanya mambo matatu. Tunza risiti zote za vitu vikubwa. Angalia kama mstari wa kodi umeandikwa sifuri. Kisha uliza Idara ya Mapato ya jimbo lako namna ya kulipa. California, kwa mfano, imeweka nafasi yake ndani ya fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Na ukitafuta gari, tenga fedha ya kodi kabla hujapatana bei.