Akiba ya Betri Huoza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Usemi huo una hekima kwa nafaka iliyokaushwa vema na kutunzwa ghalani, lakini kwa betri hauna ukweli. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hupungua nguvu hata isipotumika. Na ikiachwa muda mrefu bila chaji, salfeti ya risasi hugandamana juu ya sahani zake, ikawa vigumu kuiondoa. Hata hivyo, hii ndiyo akiba ambayo wenye nyumba wengi huiamini bila kuipima.

Ichukuliwe nyumba ya Mtinko, mkoani Singida, iliyofungwa king'ora cha kuwatisha wezi. Umeme wa gridi ukiwapo, mtambo hufanya kazi bila shida. Ukikatika, kazi yote huachiwa betri ndogo iliyomo ndani ya sanduku. Watanzania wanaufahamu mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wakati ukame ulipopunguza maji katika Bwawa la Mtera, na ule wa mwisho wa mwaka 2022. Giza ndilo saa ya mwizi. Basi king'ora kilichonyamaza ni kibaya kuliko kukosa king'ora kabisa, kwa maana mwenye nyumba hulala akidhani analindwa.

Aghalabu dawa inayopendekezwa ni kununua betri kubwa zaidi. Ushauri huo huanzia mwisho wa jambo. Hapana budi kwanza kujua mtambo unakula mkondo kiasi gani. Tuseme sanduku lenyewe hutumia ampea 0.09, vitambuzi vinne, kila kimoja ampea 0.015, hutumia ampea 0.06, na taa ndogo iliyodandia betri hiyo hutumia ampea 0.1. Jumla ni ampea 0.25. Kwa saa 48 bila umeme, mtambo utahitaji ampea-saa 12. King'ora chenyewe, kikilia nusu saa kwa mkondo wa ampea 1, kitaongeza 0.5. Kwa kuwa si busara kuitegemea betri iliyozeeka zaidi ya asilimia 70 ya uwezo ulioandikwa juu yake, 12.5 ikigawanywa kwa 0.7 hupatikana karibu 18. Betri ya kawaida ya ampea-saa 7 haifiki huko hata kidogo.

Sasa iondolewe ile taa. Mkondo hushuka hadi ampea 0.15, na hesabu ileile hutoa ampea-saa 11. Betri ya 12 yatosha. Theluthi nzima ya ukubwa wa betri imeokolewa kwa kukata waya mmoja.

Tena, betri kubwa yataka chaja inayoilingana. Chaja ya ndani ya sanduku ikiwa na ziada ya ampea 0.35 tu, itahitaji karibu saa 43 kurudisha ampea-saa 12.5, ukihesabu na sehemu ya tano inayopotea njiani. Umeme ukirudi kwa saa sita kisha ukakatika tena, betri hiyo kubwa itakuwa tupu kama ndogo. Kwa matumizi yale madogo, muda hushuka hadi saa 26 hivi. Jua la Singida laweza kusaidia: paneli ya wati 20, ikipata jua kali kwa saa tano, hutoa karibu ampea-saa 5 kwa siku, ilhali mtambo huo hutumia 3.6. Lakini fundi sharti athibitishe kwamba kidhibiti cha sola hakigongani na chaja ya mtambo.

Yako makosa ya kuepukwa. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, si kukamuliwa polepole hadi mwisho. Na ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Betri mpya isiunganishwe na kuukuu, kwani kuukuu huivuta mpya chini. Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri. Sanduku nalo lisiwekwe chini ya bati lenye joto: kwa kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi zaidi ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu.

Hesabu hizi zote ni za kidato cha pili au cha tatu. Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi mita, betri na saa ya ukutani, wakakata umeme mchana, wakaandika volti kila baada ya saa moja, na kuacha kabla hazijashuka chini ya 10.5. Watajifunza pia kwamba betri iliyokufa haitupwi shimoni. Huko Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Mwenye nyumba naye afanye jaribio hilo kila miezi sita, akiwaarifu majirani kwanza. Akiba isiyopimwa si akiba. Ni tumaini tu, na tumaini halipigi king'ora usiku wa manane.